Simu ya Kijana na Amana Yetu: Ujumbe wa Simu Katika Kinga Dhidi ya UKIMWI

Mada iliyotolewa mbele ya waumini, Nyashimo, Wilaya ya Busega

 

Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu (S.A.W.), tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo kwa miaka mingi misikiti yetu imelipitia kwa juu juu, kama mtu anayevuka tope kwa ncha za vidole. Nalo ni maradhi ya UKIMWI na vijana wetu, na namna ile simu iliyo mfukoni mwa kijana inavyoweza kutumika kumkinga. Tunasema mfukoni kwa sababu ndimo ilimo hata sasa tunapozungumza. Tangazo la kuzima simu kabla ya swala hutolewa kila siku, na kila siku kuna moja inayolia katika rakaa ya pili.

Wapo kati yetu wanaoiona simu kuwa ndiyo mlango wa ufisadi wenyewe, nao wana hoja. Wapo wengine, hasa wageni waletao miradi, wanaoiona kuwa dawa: tuma ujumbe kwa vijana elfu kumi, nao wataongoka. Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Tunataka tutazame yale yaliyokwisha kufanyika katika nchi yetu na kwa jirani zetu, tuone wapi ujumbe wa simu ulimsaidia mtu na wapi ulipita kama upepo, kisha tuulize kuna nini ndani yake kwa watu wa Nyashimo.

Kwanza hali ilivyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 15 hadi 24, wasichana wenye virusi walikuwa asilimia 2.1 na wavulana asilimia 0.6. Tafadhali tusikilize tarakimu hizo vizuri, maana ndani yake mna jambo zito. Binti zetu waliambukizwa zaidi ya mara tatu kuliko kaka zao wa rika lao. Kama wavulana wa rika hilo ni wachache hivyo, basi nani anawaambukiza mabinti? Jibu linajulikana na kila mtu mzima aliyemo humu. Ni wanaume waliowazidi umri, wenye fedha mkononi. Tutarudi kwao.

Utafiti mwingine wa namna hiyo ulifanyika mwaka 2022 na 2023. Ulionyesha kwamba katika watu wazima wenye virusi, karibu 83 kati ya kila 100 walikuwa wanajua hali zao. Miongoni mwa waliojua, karibu 98 kati ya 100 walikuwa wanatumia dawa, na miongoni mwa waliotumia dawa, zaidi ya 94 kati ya 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Hata hivyo, maambukizi mapya yalikadiriwa kufika watu 60,000 kwa mwaka. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba aliyekwisha kupima na kuanza dawa anahudumiwa vyema, na mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kabisa na akadumu na dawa hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya tendo la ndoa. Hili limethibitishwa na madaktari, si maneno ya kumfariji mgonjwa. Pengo kubwa lipo mwanzoni mwa safari, kwa yule ambaye hajapima. Hajapima kwa sababu anaogopa, na anachokiogopa zaidi, kwa mji mdogo kama huu, si sindano. Anaogopa macho ya watu.

Sasa tuje kwenye elimu. Ndugu zetu, sisi watu wa mimbari tunapenda kuamini kwamba mtu akishaambiwa ameelimika, na akishaelimika atatenda. Kanda yetu hii ya Ziwa ilifanyiwa mtihani mkubwa kuhusu imani hiyo. Ulikuwapo mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, ukiendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na chuo kimoja cha tiba cha London, pamoja na Serikali. Walichukua jumuiya 20. Katika nusu ya jumuiya hizo vijana wa shule za msingi walifundishwa kuhusu UKIMWI, na wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana kwa staha. Nusu nyingine hawakupata mafunzo hayo. Walipopimwa baadaye, na tena miaka mingi baadaye, mnamo 2007 na 2008, ilionekana kwamba vijana waliofundishwa walijua zaidi. Walijibu maswali vizuri. Lakini maambukizi ya virusi hayakupungua kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakufundishwa.

Hatusemi haya ili kuidharau elimu. Tunayasema kwa sababu ujumbe wa simu, kama utatumiwa kupeleka maarifa tu, utafika pale pale yalipofikia masomo yale, tena ukiwa mfupi zaidi. Ujumbe mmoja wa maandishi una nafasi ya herufi 160. Kiswahili chetu, kwa maneno yake marefu, huzimaliza herufi hizo kabla salamu haijakwisha. Ndiyo maana vijana wamejitungia maandishi yao ya kukatakata, yanayowaumiza kichwa walimu wa lugha. Katika herufi 160 huwezi kumlea mtu. Unaweza kumwita, unaweza kumuuliza, na unaweza kumwonyesha mlango.

Tazameni walivyofanya Uganda. Mwaka 2008, katika mji wa Mbarara, shirika lililoitwa Text to Change lilishirikiana na Kituo cha Habari za UKIMWI cha nchi hiyo na kampuni ya simu ya Celtel. Wateja 15,000 walipelekewa maswali ya chemsha bongo juu ya UKIMWI, ya kuchagua jibu, na walioshiriki wakaalikwa kupima bila malipo. Wapo waliokwenda kupima kwa mwaliko huo, na idadi ya waliopima katika kituo iliongezeka kwa kipindi hicho. Hilo ni jema na hatulifichi. Lakini wengi wa waliopelekewa hawakujibu kabisa. Mradi uliporudiwa katika mji wa Arua kwa watu 10,000, watafiti walikuta kwamba waliojibu walikuwa karibu mmoja tu kati ya watano. Wanne waliobaki hawana sauti katika hesabu ile. Huenda hawakujua kusoma, huenda simu ilikuwa ya mume, huenda waliufuta kama tunavyofuta matangazo ya bahati nasibu. Mtu anayepanga kazi ya namna hii inampasa awaulizie hao wanne kwanza.

Jambo lililotuvutia kuliko yote limetoka Kenya, na lugha yake ni lugha yetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachukua wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi katika vituo vitatu, vikiwamo vya Pumwani jijini Nairobi na Kajiado. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine walikuwa wakipelekewa ujumbe mmoja kila wiki na muuguzi wa kituo. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, muuguzi alimpigia simu.

Basi. Hapakuwa na somo, wala onyo, wala picha ya fuvu la kichwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliopokea ujumbe ule, asilimia 62 walitumia dawa zao ipasavyo, ilhali kwa wenzao walikuwa asilimia 50. Waliofubazwa virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Na wengi mno wa waliojibu waliandika "Sawa". Waliosema "Shida" walikuwa wachache, kiasi kwamba muuguzi mmoja aliweza kuwafuatilia bila kulemewa.

Nchini Cameroon, katika jiji la Yaoundé, jaribio linalofanana na hilo lilifanyika kwa watu 200. Nao walipelekewa ujumbe kila wiki, wenye maneno mazuri ya kutia moyo na namba ya kupiga kama wana haja. Baada ya miezi sita hapakuonekana tofauti kati yao na wasiopelekewa. Maneno yalikuwa mengi na mazuri kuliko "Mambo?" ya Kenya. Kilichokosekana, kwa maoni yetu, ni mtu upande wa pili anayesubiri jibu na atakayeshtuka asipolipata. Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa jambo hili na watafiti. Mtu asipoonekana msikitini siku tatu, desturi yetu ni kwenda kumwulizia. Kama ana maradhi tutamjua, kama ana safari tutaarifiwa. Muuguzi wa Pumwani alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo kwa simu.

Hapa kwetu Tanzania vilevile kulikuwa na huduma ambazo kijana mwenyewe ndiye aliyeanza kuandika. Katika kampeni ya tohara kwa wanaume iliyofanyika Iringa, Njombe na Tabora, mtu aliweza kutuma neno TOHARA kwenye namba maalumu akapata maelezo, au neno WAPI akaelekezwa kituo, au neno BAADA akapata maelekezo ya kutunza kidonda. Tohara, kama mjuavyo, ilithibitishwa na tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda, zilizokamilika kati ya mwaka 2005 na 2007, kuwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Humpunguzia, haimwondolei, tusije tukaona kwamba sunna hii imetupa kinga kamili. Kwetu Waislamu si jambo geni, lakini tunaishi na majirani ambao kwa mila zao hawakuwa wakitahiri, na wengi wao wameanza sasa. Tunachotaka mkione ni lile neno BAADA. Aliyeliweka alikuwa amekaa akamfikiria kijana ambaye tayari yuko nyumbani, usiku, ana maumivu, anaona aibu kumwuliza baba yake. Ujumbe mzuri hutungwa na mtu wa namna hiyo.

Simu hiyo hiyo hubeba sumu vilevile. Mwaka 2011, habari za kikombe cha Mzee Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, Loliondo, zilienea nchi nzima, na simu zilikuwa miongoni mwa njia zilizozieneza kwa kasi ambayo redio peke yake isingeiweza. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Watu walipanga foleni za magari za kilomita nyingi, Waislamu na Wakristo, matajiri na mafukara, na baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za virusi wakiamini wamepona. Yeye ameshafariki, hatutamsema. Tunawasema waliosambaza ujumbe bila kuuhakiki. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp ya familia, ya mtaa, na hata ya misikiti, ambamo kila wiki hupita dawa mpya ya mizizi au mafuta inayodaiwa kumaliza virusi. Mpaka leo haipo dawa inayoweza kutolewa kwa kila mgonjwa ikamwondolea virusi kabisa. Zipo dawa za kuvifubaza, hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na kwa wagonjwa wengi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Mgonjwa wa kidonge kimoja anaweza kwa ushauri wa mhudumu wake akakimeza usiku katika mwezi wa Ramadhani, na funga yake ikabaki salama. Tunasema haya kwa sababu wapo wanaoacha dawa mwezi ule kwa kudhani ndiyo taqwa, na hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Sasa tunafika penye uzito wenyewe wa mada yetu, yaani siri.

Ujumbe ule wa Kenya ulikuwa "Mambo?" kwa makusudi. Hakuna neno la virusi ndani yake, wala la dawa, wala jina la kituo. Dada akiiona simu ya kaka yake ataona salamu. Fikirini sasa hali ya nyumba zetu. Simu ya kitochi moja hutumiwa na watu watatu au wanne. Huachwa dukani kwa mtu kuchajiwa kutwa nzima. Tena, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mapema mwaka 2020, vijana wengi ambao hawajapata kitambulisho cha Taifa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mzazi au kaka. Ukituma ujumbe kwa namba ya kijana ukisema, "Ndugu, usisahau miadi yako ya kliniki kesho," hujui umeusoma kwa nani. Kwa mji wenye barabara moja kuu na watu wanaojuana kwa majina ya babu zao, ujumbe mmoja wa namna hiyo unatosha kumvunjia mtu uchumba, kumtoa katika nyumba ya kupanga, au kumfanya avuke hadi wilaya nyingine kutafuta dawa. Na akichoka nauli, ataziacha.

Surat Hujuraat inatukataza kuchunguzana na kusengenyana, nasi huisoma mara kwa mara. Lakini ni wazazi wangapi humu ambao huifungua simu ya mtoto alalapo? Tunajua nia yenu ni njema; hatuwafundishi kuacha malezi. Mtoto mdogo asimamiwe simu yake, na ajue kwamba inasimamiwa. Ama kijana aliyekwisha kubaleghe, mwenye miaka 17 au 19, ukimpekua kwa siri ukakuta ameandika swali kuhusu kupima, ukamfokea mbele ya wadogo zake, umepata nini? Kitendo alichokiogopa hakitakoma. Kitakachokoma ni kuuliza.

Sheria ya nchi nayo ina neno hapa. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka majibu ya kipimo yawe siri ya aliyepimwa, na inakataza kumpima mtu kwa kumlazimisha isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mwaka 2019 ilirekebishwa, kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima kwa ridhaa yake mwenyewe, na watu wakaruhusiwa kujipima. Wapo maimamu wanaotaka wachumba walete karatasi za vipimo kabla ya nikaha. Kuwahimiza wachumba wakapime pamoja ni jambo jema sana, na tunaliunga mkono kwa nguvu zote. Kuzipokea karatasi hizo, kuzisoma, na kuziweka katika kabati la msikiti ni jambo jingine. Majibu yale ni yao wawili. Msikiti hauna ghala la kuhifadhia siri za namna hiyo, na kabati hilo ufunguo wake twajua unakaa kwa nani na nani.

Tulisema tutarudi kwa wale wanaume wenye fedha. Wilaya yetu inapakana na Ziwa Victoria na inapitiwa na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Kuna mialo ya wavuvi, kuna Lamadi na madereva wake, kuna msimu wa pamba ambapo fedha huonekana mikononi mwa watu kwa wiki chache. Binti wa kidato cha tatu hupewa simu. Nani alimpa? Hurushiwa vocha ya elfu moja, kisha ya elfu mbili, kisha nauli ya bodaboda. Mtongozaji wa zama hizi haji tena kisimani. Anakuja kupitia skrini, usiku, wakati mama amelala chumba cha pili. Hatuwezi kuzungumza juu ya ujumbe unaokinga tukausahau ujumbe unaovuta, maana unaovuta ni mwingi zaidi na una fedha nyuma yake. Na aibu yetu kubwa ni kwamba baadhi ya wanaoutuma ni watu wazima wenye wake na heshima zao. Hotuba nyingi huwaonya mabinti juu ya mavazi. Ni chache zinazowaambia baba na wajomba waliokaa safu ya mbele kwamba wao ndio hatari katika takwimu ile ya mara tatu. Leo tumewaambia.

Binti anayesumbuliwa na mtu wa namna hiyo anaweza kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Mama zetu wawafundishe namba hiyo watoto waikariri kama wanavyokariri aya fupi, kwa kuwa siku ya shida hapatakuwa na nafasi ya kutafuta karatasi ilipoandikwa.

Wapo watakaouliza: je, msikiti ukijiingiza katika ujumbe huu, hautalazimika kutangaza mambo yasiyoafikiana na dini? Swali hili ni la haki. Ndugu zetu wa Jumuiya ya Madaktari Waislamu ya Uganda walilikuta tangu mwaka 1989, walipoanza kazi yao ya kuwashirikisha maimamu dhidi ya UKIMWI. Waliwafunza maimamu na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, wakawa wanakwenda nyumba kwa nyumba. Mwanzoni suala la kondomu lilizusha mabishano makubwa. Baada ya majadiliano marefu walikubaliana kwamba kujizuia kabla ya ndoa na uaminifu ndani yake ndio msingi, na kwamba mume au mke aliyeambukizwa ana haki ya kuelezwa namna ya kumkinga mwenziwe. Kazi yao ilisifiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI mwaka 1998. Msimamo wetu ni huo huo. Tunafundisha kujizuia bila kuona haya, na aliye katika ndoa na virusi hatumwachi aangamize au aangamie kwa kuwa sisi tuliona haya kutamka neno.

Jambo moja zaidi kuhusu miradi. Huduma nyingi za ujumbe nchini mwetu, zikiwamo zile za uzazi wa mpango zilizoanza mwaka 2010 na za mama wajawazito zilizoanza mwaka 2012, ziliegemea fedha za wafadhili, hasa Marekani. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la USAID likakoma kufanya kazi. Fedha ikikauka, namba ya huduma hukata. Kijana aliyezoea kutuma neno na kupata jibu hutuma neno, na hakuna kinachorudi. Sisi hatuna mtambo wa kutuma ujumbe kwa watu elfu kumi wala hatuutaki. Nyashimo haihitaji elfu kumi.

Tunachopendekeza kwa jamaa hii ni kidogo, na kinaweza kuanza mwezi huu. Wachaguliwe watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye umri wa kutosha kuheshimiwa na wasiwe wazee kiasi cha kuogopwa. Wasiwe watu wa maneno mengi. Hii ni sifa ya kwanza, kabla hata ya elimu. Ikipatikana bahati awemo mtu wa afya, kama muuguzi mstaafu. Wapewe simu mbili za kitochi na laini mbili mpya zitakazonunuliwa kwa mfuko wa msikiti, zisajiliwe kwa majina yao, na zisitumike kwa kazi nyingine. Namba zitangazwe baada ya swala ya Ijumaa na madrasa, ya mwanamke kwa mabinti na ya mwanamume kwa vijana wa kiume. Kijana asitakiwe kutaja jina. Asiye na salio atume ile "tafadhali nipigie" ya bure, naye apigiwe. Afrika Kusini, mwaka 2008, waliweka namba ya simu ya ushauri wa UKIMWI katika nafasi iliyobaki wazi ndani ya ujumbe kama huo wa kuomba kupigiwa, na wapigaji wakaongezeka karibu mara tatu. Ujumbe wa mtu asiye na vocha nao una thamani yake.

Anayejibu ajibu kwa kifupi, na asijifanye daktari. Kazi yake kubwa ni kusema ni kituo gani, siku gani, saa gani, na umwone nani. Na ikiwa kijana anaogopa kwenda peke yake, kumsindikiza, au kumwelekeza kituo cha mji mwingine ambako hajulikani. Kisha baada ya wiki amtumie neno moja: "Mambo?" Akinyamaza apigiwe kwa upole, mara moja au mbili, asifukuzwe. Ujumbe ukishajibiwa ufutwe katika simu siku hiyo hiyo. Lisiandikwe daftari la majina. Imamu asiulize nani kapiga, wala sisi tusiulize. Mfuko wa msikiti upewe hesabu ya vocha tu.

Itakuwapo siku ambayo mmoja kati ya hao wawili atapokea swali kutoka kwa mtoto wa mmoja kati ya waliomo humu. Huenda ni mwanao. Tunawaomba tangu leo, mkimwona mtu huyo sokoni amesimama na kijana wenu wakizungumza kwa sauti ya chini, msiende kuuliza walikuwa wanasema nini.

Majina ya wanaopendekezwa yapelekwe kwa katibu baada ya Isha, yawe ya wanaume na ya wanawake, na mama zetu wapendekeze wa kwao wenyewe bila kupitia kwa waume zao.

Wabillahi tawfiiq.